UZI: World Series, ubingwa wa besiboli uliozaliwa na mkataba wa mahasimu

Bandiko la 1 (mleta mada)

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Niliahidi kuleta historia ya World Series, yaani mechi zinazomaliza ubishi wa nani bingwa wa besiboli ya kulipwa huko Marekani na Kanada. Natimiza ahadi, ila naomba nianzie mahali ambapo wengi hawaanzii. Tangu mwaka 1903 hadi leo mechi hizi zimekosekana mara mbili tu, mwaka 1904 na mwaka 1994. Vita Kuu ya Kwanza haikuzizuia, ingawa mwaka 1918 ratiba ilibanwa zikachezwa mapema Septemba kwa sababu serikali iliwataka vijana wachague kati ya jeshi na kazi za kusaidia vita. Vita Kuu ya Pili haikuzizuia. Tetemeko la ardhi la tarehe 17 Oktoba 1989, lililoikumba San Francisco muda mfupi kabla ya mechi ya tatu kuanza huku mashabiki wakiwa wamekwisha kuketi, liliziahirisha kwa siku 10 tu. Hata Korona ya mwaka 2020 ilizihamishia tu Arlington, Texas, kwenye uwanja usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili. Waliofanikiwa kuzifuta ni wenyewe waliozianzisha: mara ya kwanza mmiliki wa klabu alikataa kucheza, na mara ya pili wamiliki na wachezaji walishindwa kuelewana juu ya fedha.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba World Series ilikuwa mkataba kabla haijawa mashindano. Sisi tuliolelewa na soka tumezoea shirikisho linalopanga ratiba, na klabu zinazotii au kupigwa faini. Huko hapakuwa na mkubwa wa namna hiyo, bali ligi mbili zilizochukiana ambazo mwanzoni kila mwaka zilipaswa kukubaliana upya kwamba kucheza kuna faida kuliko kununiana.

Mbegu ilipandwa miaka ya 1880. Ligi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1876, ilikuwa na mpinzani aliyeitwa American Association, na mwaka 1884 mabingwa wa pande hizo, Providence Grays na New York Metropolitans, walikubaliana kucheza mechi tatu. Providence ilishinda zote, na mrushaji wake, yaani anayewarushia wapigaji mpira, Charles Radbourn, alirusha zote tatu peke yake. Mwaka uliofuata mambo yaliharibika: katika mechi ya pili St. Louis iliondoka uwanjani ikimlalamikia mwamuzi, na hadi leo kuna ubishi juu ya nani alishinda mfululizo ule. Aliyeiondoa timu uwanjani alikuwa Charles Comiskey. Mlikumbuke jina hilo, maana tutakutana nalo tena likiwa na utajiri na aibu. Mwaka 1887 Detroit na St. Louis zilicheza mechi 15 zikizunguka mji baada ya mji kama kundi la sarakasi, na mechi ziliendelea hata baada ya mshindi kujulikana, kwa kuwa tiketi zilikuwa bado zinauzika. Mwaka 1890 baridi iliwakuta Brooklyn na Louisville wakiwa wameshinda mechi tatu kila mmoja, na wakaachana hivyo hivyo. Muda si mrefu American Association ikafa, na biashara ile ikafa nayo.

Mwaka 1901 akatokea mpinzani mpya, Ligi ya Amerika, chini ya Ban Johnson. Huyu hakuja kwa hodi. Klabu zake ziliwachukua wachezaji wa Ligi ya Taifa kwa kuwapa mishahara mizuri zaidi, na miongoni mwa waliohama alikuwamo mrushaji Cy Young, ambaye idadi ya ushindi wake haijafikiwa na mtu hadi leo. Vita hiyo ya kunyang'anyana wachezaji iliwaumiza wote mfukoni, na mwanzoni mwa mwaka 1903 ligi zikatia saini mkataba wa amani. Mkataba huo, hata hivyo, haukusema neno lolote kuhusu mechi za ubingwa. Wazo hilo lilitoka kwa Barney Dreyfuss, mmiliki wa Pittsburgh Pirates, aliyeona timu yake inaongoza Ligi ya Taifa na Boston inaongoza Ligi ya Amerika. Alipatana na mmiliki wa Boston, Henry Killilea, kwamba atakayetangulia kushinda mechi tano kati ya tisa ndiye bingwa.

Mechi ya kwanza ilichezwa Boston tarehe 1 Oktoba 1903. Cy Young alipoteza, na Jimmy Sebring wa Pittsburgh akawa mtu wa kwanza kupiga homurani katika mechi hizi, yaani pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani. Wengi waliamini kwamba ligi kongwe ingemfunza adabu mtoto huyu, lakini Boston ikageuza mambo na kushinda 5-3. Jambo moja nalipenda sana katika mfululizo ule: Dreyfuss alitoa fungu lake la mmiliki akaliongeza kwenye fungu la wachezaji wake, hivyo walioshindwa wakaenda nyumbani na fedha nyingi kuliko walioshinda.

Mwaka 1904 Boston ilishinda tena ligi yake, ikatafuta mtu wa kucheza naye na isimpate. Bingwa wa Ligi ya Taifa alikuwa New York Giants, na mmiliki wake, John T. Brush, pamoja na kocha John McGraw, walitangaza kwamba hawashuki hadhi kucheza na ligi ndogo. Nyuma ya kiburi hicho kulikuwa na mambo mawili. McGraw alikuwa amewahi kufanya kazi chini ya Ban Johnson huko Baltimore, wakaachana kwa ugomvi mwaka 1902. Jambo la pili ni kwamba katika Ligi ya Amerika timu nyingine ya jiji hilo hilo, Highlanders, ambayo leo tunaiita Yankees, iliwania ubingwa hadi siku ya mwisho, na Giants hawakutaka kuhatarisha jina lao mbele ya jirani. Siku hiyo ya mwisho, tarehe 10 Oktoba, Jack Chesbro wa Highlanders, ambaye alikuwa ameshinda mechi 41 msimu huo, alirusha mpira ukampita mdakaji wake, yule anayeudaka nyuma ya mpigaji, Boston ikapata pointi iliyoipa taji la ligi. Jirani aliyeogopwa akawa ameondoka, lakini Giants walikwisha kutoa kauli na hawakuirudisha mdomoni.

Walaumiwa na magazeti, walaumiwa na mashabiki, walaumiwa hata na wachezaji wao waliokosa fedha. Kisha yakatokea ya kuchekesha: kanuni zilizoifanya World Series kuwa ya lazima kuanzia mwaka 1905, pamoja na utaratibu wa mechi saba ambao anayetangulia kushinda nne ndiye bingwa, ziliandikwa na Brush mwenyewe, yule yule aliyekataa. Giants wakashinda ubingwa huo wa 1905.

Nawasilisha sehemu ya kwanza. Karibuni kwa maswali.

Bandiko la 2

Ndugu mleta mada, shukrani kwa darasa. Swali langu ni la siku nyingi. Ni haki gani wanayo ya kuuita mchezo wa ndani ya nchi yao «ubingwa wa dunia»? Nilipata kusikia kwamba neno hilo linatokana na gazeti lililokuwa likiitwa New York World, ambalo ndilo lilidhamini.

Bandiko la 3 (mleta mada)

Mkuu, hadithi ya gazeti ni tamu lakini si kweli. New York World haikuwa mdhamini wa mechi hizi. Jina lilianza kutumika kwa zile mechi za miaka ya 1880, zilipotangazwa kuwa za ubingwa wa dunia, na baadaye maneno yakafupishwa. Ilikuwa lugha ya mpiga debe kwenye enzi ambayo kila sarakasi ilijitangaza kuwa kubwa kuliko zote duniani, na kwa kuwa nje ya Amerika Kaskazini hapakuwa na ligi ya kulipwa ya kuwajibu, hakuna aliyesimama kupinga.

Timu ya kwanza kutoka nje ya Marekani kutwaa ubingwa huo ilikuwa Toronto Blue Jays ya Kanada, mwaka 1992, kisha ikaurudia mwaka 1993 kwa homurani ya Joe Carter iliyomaliza mechi ya sita papo hapo. Wachezaji wenyewe, hata hivyo, wametoka mbali zaidi: Wadominika, Wavenezuela, Wakuba, Wajapani, Wakorea. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba jina lilianza kwa majivuno, ila wachezaji wa siku hizi wamelisogeza karibu na ukweli kuliko waliolibuni walivyotarajia.

Bandiko la 4

Nawasalimu kutoka Kampala. Naomba niongeze jambo dogo, kwa sababu huku kwetu jina hilo lina maana nyingine kabisa. Ipo Little League World Series, ya watoto wa umri wa miaka 10 hadi 12, inayofanyika Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu wakanyimwa viza, jambo lililotutoa machozi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na katika mchezo wao wa mwisho waliifunga timu ya Gresham, Oregon, 3-2. Si mashindano ya kulipwa, lakini yale angalau yanaialika dunia.

Bandiko la 5

Ahsante ndugu wa Kampala, hilo sikulijua. Mleta mada, mimi ninachotaka kufahamu ni kwa nini mechi saba. Kombe la Dunia la soka linaamuliwa kwa fainali moja na watu wanalia vizuri tu. Je, si tamaa ya tiketi hiyo?

Bandiko la 6 (mleta mada)

Tamaa ya tiketi imo, na sitaificha. Ile tisa ya mwaka 1903, iliyorejeshwa tena kati ya 1919 na 1921, ilikuwa tamaa waziwazi. Lakini kuna sababu ya mchezo wenyewe, nayo inahitaji maelezo kidogo.

Katika besiboli mtu mmoja, mrushaji, hubeba mzigo mkubwa mno wa mechi. Kila mchezo wa upande wa ulinzi huanzia mkononi mwake, na mrushaji bora akiwa katika siku yake njema anaweza kuwazima wapigaji tisa wazuri kuanzia awamu ya kwanza hadi ya tisa (awamu ni zamu ya kila timu kupiga, na mechi ya kawaida ina tisa). Wakati huo huo mkono wake hauwezi kufanya kazi hiyo kila siku. Siku hizi mrushaji anayeanza mechi hupumzika siku nne au tano. Fainali ya mechi moja ingemaanisha kwamba timu dhaifu yenye mrushaji mmoja hodari inaweza kumvua taji bingwa wa msimu wa mechi 162. Kwa mechi saba unapima kina cha kikosi: nani ana mrushaji wa pili, wa tatu, na wa nne.

Historia imejaa watu waliojaribu kuishinda kanuni hiyo. Mwaka 1903 Deacon Phillippe wa Pittsburgh, wenzake wakiwa majeruhi au wagonjwa, alirusha mechi nzima tano kati ya nane zilizochezwa, akashinda tatu, na mkono ukachoka kabla ya kazi kwisha. Mwaka 1905 Christy Mathewson wa Giants alirusha mechi tatu ndani ya siku sita bila kuruhusu pointi hata moja. Kwa maoni yangu hakuna aliyerusha vizuri kuliko hapo katika mechi za ubingwa, na nafahamu kwamba wapenzi wa Don Larsen watanijia juu. Larsen, kwa wasiomjua, tarehe 8 Oktoba 1956 aliwakabili wapigaji 27 wa Brooklyn Dodgers na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Ni mechi kamilifu pekee katika historia ya World Series, nayo ilirushwa na mtu ambaye maisha yake mengine yote ya mchezo yalikuwa ya kawaida.

Nilidhani mambo ya Phillippe yalikwisha na enzi yake, hadi mwaka 2025 Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers aliposhinda mechi ya pili kwa kuirusha yote, akaanza na kushinda ya sita, na kesho yake akaingia tena kumalizia ya saba, iliyofika awamu ya 11. Kati ya mechi nne ilizoshinda timu, tatu zilikuwa ushindi wake.

Na kuhusu mechi saba kutopima haki kila mara, ukumbukwe mwaka 1960. Yankees walipata pointi 55 katika mechi saba na Pittsburgh 27 tu. Bingwa alikuwa Pittsburgh, kwa homurani ya Bill Mazeroski iliyoifunga mechi ya saba 10-9.

Bandiko la 7 (mleta mada)

Naendelea na sehemu iliyo nzito kuliko zote, mwaka 1919.

Mchezaji wa zama zile alifungwa na kifungu cha mkataba kilichoipa klabu haki ya kumshikilia msimu baada ya msimu. Hakuweza kuhama kwa hiari yake wala kupeleka kipaji chake sokoni. Aliuzwa, alibadilishwa, au alikaa. Pamoja na hayo, wacheza kamari walijaa kwenye viwanja na kwenye kumbi za hoteli walikofikia wachezaji, na wakuu wa mchezo walijifanya hawawaoni. Ukiyaunganisha mambo hayo mawili, swali linalobaki ni lini, wala si kama.

Chicago White Sox ya 1919 ilikuwa timu bora ya wakati wake, na mmiliki wake alikuwa Charles Comiskey, yule yule aliyeiondoa St. Louis uwanjani mwaka 1885. Wachezaji kadhaa, wakiongozwa na Chick Gandil, walikubaliana na wacheza kamari kuwaachia Cincinnati Reds ubingwa kwa ahadi ya fedha zilizotajwa kufikia dola 100,000. Ishara kwamba mpango umekubaliwa ilitolewa mbele ya uwanja mzima: katika mechi ya kwanza mrushaji Eddie Cicotte alimpiga mpigaji wa kwanza wa Cincinnati kwa mpira. Cincinnati ilishinda 5-3. Lefty Williams alipoteza mechi tatu. Fedha hazikufika zote kama zilivyoahidiwa, kwa maana wadanganyifu nao walidanganywa, na katikati ya uozo ule kijana Dickey Kerr, ambaye hakuwamo katika njama, alirusha kwa moyo wake wote na kushinda mechi mbili huku baadhi ya wenzake nyuma yake wakitaka ashindwe. Huyo Kerr nimemfikiria mara nyingi. Wanaandikwa wanane waliouza mechi, na yeye anapata mstari mmoja.

Siri ilitoka Septemba 1920 mbele ya baraza la mahakama, ambako Cicotte na Joe Jackson walikiri kupokea fedha. Kesi ilipofika mwaka 1921 karatasi za maungamo zilikuwa zimepotea, na tarehe 2 Agosti wazee wa mahakama wakawaachia huru washtakiwa. Furaha yao haikumaliza siku mbili. Wamiliki, walioona biashara yao inaelekea shimoni, walikuwa wamekwisha kumteua jaji Kenesaw Mountain Landis kuwa kamishna mwenye madaraka makubwa juu ya ligi zote mbili, na kesho yake Landis akawafungia wanane wote maisha, bila kujali hukumu.

Hapo ndipo mkataba wa mahasimu ulipompata mwamuzi, miaka 18 baada ya kutiwa saini. Kama mtakavyoona, mwamuzi huyo hakuwa wa watu wote.

Mjadala mkubwa unawahusu wawili kati ya wanane. Jackson alichukua dola 5,000, lakini alipiga kwa wastani wa .375 katika mechi zile, yaani alifanikiwa zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu, kiwango ambacho si rahisi kukiita cha mtu anayejiangusha. Buck Weaver hakuchukua kitu. Alihudhuria mazungumzo na akanyamaza, na Landis akahesabu ukimya wake kuwa kosa lenye adhabu ile ile. Kwangu mimi Jackson alistahili adhabu kwa sababu fedha alizipokea, vyovyote alivyopiga. Weaver alionewa. Mwezi Mei 2025 kamishna Rob Manfred aliamua kwamba adhabu ya maisha inakwisha na maisha yenyewe, hivyo majina ya marehemu hao yakaondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa.

Bandiko la 8

Mkuu, umeandika maneno mengi na hadi hapa sijamwona mtu mweusi. Unasema hawakuwapo, au na wewe umewaruka kama walivyorukwa?

Bandiko la 9 (mleta mada)

Swali ni la haki, na nilipaswa kulitangulia.

Hadi mwaka 1947 hakuna mchezaji mweusi aliyekanyaga World Series hiyo ninayoisimulia. Haikuandikwa katika kanuni yoyote. Yalikuwa makubaliano ya wamiliki kimyakimya, na jaji Landis, aliyekuwa mwepesi wa kuwafungia wala rushwa, hakuyagusa kwa muda wote wa utawala wake hadi alipofariki mwaka 1944. Weusi waliunda ligi zao, na ligi zao zikaunda ubingwa wao. Mwaka 1924 Kansas City Monarchs na Hilldale ya Pennsylvania zilicheza mechi 10 katika miji ya Philadelphia, Baltimore, Kansas City na Chicago. Moja ilikwisha sare, Hilldale ikashinda nne na Monarchs tano. Mechi ya mwisho ilirushwa na kocha wa Monarchs mwenyewe, José Méndez, Mkuba ambaye umri na maradhi vilikuwa vimemwelemea. Hakuruhusu pointi hata moja, timu yake ikashinda 5-0. Ukinilazimisha kuchagua mechi moja ya kale ambayo ningependa kuishuhudia, nachagua hiyo.

Ubingwa huo ulichezwa hadi 1927, ukakatika, ukarudi mwaka 1942 na kufikia mwisho mwaka 1948, Homestead Grays walipowashinda Birmingham Black Barons waliokuwa na kijana wa miaka 17 aitwaye Willie Mays. Ulikwisha kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefunguka. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson, aliyepitia Monarchs, alianza kuichezea Brooklyn Dodgers, na Oktoba ya mwaka huo huo akacheza World Series, ambayo pia ndiyo ya kwanza kuoneshwa kwenye televisheni. Mwaka 1948 Satchel Paige, ambaye kwa miaka 20 alikuwa akitajwa miongoni mwa warushaji bora wa nchi nzima bila ya kuruhusiwa kuthibitisha, aliingia kurusha katika World Series kwa muda mfupi sana akiwa na Cleveland, akiwa amevuka miaka 40. Ushindi kama huo una uchungu wake: ligi za weusi zilipoteza nyota, mashabiki wakawafuata nyota wao, na klabu nyingi, ambazo zilikuwa mali ya watu weusi, zikafa bila ya kulipwa inavyostahili.

Dodgers ya Robinson ilifungwa na Yankees mwaka 1947, 1949, 1952 na 1953. Mwaka 1955, katika mechi ya kwanza, Robinson akiwa na miaka 36 alikimbia kutoka kituo cha tatu hadi nyumbani wakati mrushaji anarusha. Mwamuzi akasema amefika, na mdakaji Yogi Berra akaendelea kubisha kwa maisha yake yote. Safari hiyo Brooklyn ilichukua ubingwa, wa kwanza na wa mwisho kwa Brooklyn, kwa kuwa klabu ilihamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957.

Kuhusu rekodi, Desemba 2020 wakuu wa besiboli walizitambua ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu. Miaka 72 baada ya mwisho wao.

Bandiko la 10

Nimefuatilia kwa makini. Ila naona unazungushia maneno «mkataba» na «mahasimu» wakati jibu ni moja, fedha. Yankees wana mataji 27, Dodgers wamechukua 2024 na 2025 mfululizo kwa kununua kila mtu. Hiyo ndiyo historia nzima.

Bandiko la 11 (mleta mada)

Ndugu yangu, fedha imo katika kila bandiko nililoandika. Lakini fedha peke yake haielezi miaka 86 ya Boston Red Sox, waliotwaa ubingwa mwaka 1918, wakamuuza nyota wao Babe Ruth kwa Yankees baada ya msimu wa 1919, na hawakuona ubingwa tena hadi 2004. Haielezi miaka 108 ya Chicago Cubs, klabu ya jiji kubwa na tajiri, iliyongoja kutoka 1908 hadi 2016, mechi ya saba dhidi ya Cleveland iliposimamishwa na mvua kwa dakika 17 kabla ya awamu ya 10. Haielezi pia Houston Astros ya 2017, ambao walikuwa na kikosi kizuri cha kutosha na bado wakaiba kwa kamera ishara ambazo wadakaji huwapa warushaji kuhusu aina ya mpira wa kurusha, na kuwajulisha wapigaji kwa kugonga pipa la taka. Klabu ilipigwa faini ya dola milioni 5, lakini ikaachiwa taji lake.

Pale ambapo fedha ilitawala peke yake ni mwaka 1994, na narudi huko kwa sababu ndiko nilikoanzia. Kile kifungu cha kumfunga mchezaji kwa klabu moja kilivunjwa na uamuzi wa msuluhishi mwaka 1975, mishahara ikapanda, na wamiliki wakatafuta namna ya kuweka kikomo cha mishahara. Wachezaji walikataa na kuanza mgomo tarehe 12 Agosti 1994. Tarehe 14 Septemba, Bud Selig, mmiliki wa Milwaukee Brewers aliyekuwa akikaimu ukamishna, akatangaza kwamba World Series haitakuwapo. Mgomo uliendelea hadi mwisho wa Machi 1995, jaji Sonia Sotomayor, ambaye sasa yuko Mahakama Kuu ya Marekani, alipotoa amri dhidi ya wamiliki. Waliokuwa wakiviziana katika ligi mbili sasa walikuwa wakiviziana katika meza moja, wamiliki upande huu na wachezaji upande ule, na safari hii hakukuwa na Brush wa kujirudi na kuandika kanuni.

Aliyeumia kuliko wote hakuwa New York wala Los Angeles. Mgomo ulipoanza, timu yenye rekodi bora kuliko zote ilikuwa Montreal Expos ya Kanada, yenye ushindi 74 na vipigo 40, ikiwa na mishahara midogo na vijana wenye vipaji. Msimu ulipofutwa klabu iliwauza na kuwaachia nyota wake mmoja baada ya mwingine. Montreal haikucheza World Series hata mara moja. Mwaka 2005 klabu ilihamishiwa Washington na kupewa jina la Nationals, na mwaka 2019 ikaifunga Houston 4-3 katika mfululizo wa pekee ambao timu mwenyeji ilipoteza mechi zote saba. Nationals walichukua ubingwa wao wa kwanza bila ya kushinda hata mechi moja nyumbani.